Marehemu Hafutiki

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, karani alikuwa anamsuta fundi kompyuta wa kazini kwao. "Kaka, mkuu wa idara keshazikwa, lakini maombi yangu ya uhamisho bado yanakwenda kwake. Mama yangu mgonjwa yuko peke yake, na mwisho wa kupokea maombi ni leo." Fundi akajikuna kisogo. "Dada, nikilifuta jina lake kwenye seva mpya, mashine ya barua pepe, ile ya zamani inalirudisha." "Si uizime hiyo ya zamani?" "Mkurugenzi hataki. Aliinunua yeye."

Nikaguna. Mke wangu alipofariki, wakubwa wake wa kazi walimsahau kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kumbe mkubwa mwenzao hafutiki hata kwa mashine.

Basi likasimama. Karani akainuka. "Haya, basi kamwambie marehemu anisainie."