Nilikuwa Natafuta Neno

Amani kwenu nyote mliokuja na mvua hii. Walio wa msikitini nimeshawasalimia pale mlangoni, na walio wa kanisani nawaambia amahoro, ndiyo amani hiyo hiyo. Kabla sijaanza nina ombi moja. Huko nje kuna mtoto anapiga kelele, mnamsikia. Nimeona mama mmoja anainuka kwenda kumnyamazisha. Mama, kaa, nakuomba. Ni wangu huyo. Mwacheni apige kelele, mtajua kwa nini.

Mwenyekiti wetu amenisihi nisimame hapa mara nyingi, na mara zote nilikuwa namkwepa. Wengi mmesimulia makubwa ya ndoa zenu kwenye kikundi hiki. Mimi mume wangu hajawahi kuniinulia mkono, hanywi, na chakula hakijawahi kukosekana. Nilikuwa mpweke tu, ndani ya nyumba iliyojaa watu. Nikawa najiuliza, hilo nalo ni jambo la kusimamisha mtu mbele ya wenzake? Leo nimeamua kwamba ni jambo.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Anayezijua nyumba zetu anajua kwamba ukimuuliza mumeo swali, jirani ndiye anajibu kwanza. Kwetu watu walikuwa wanaongea tangu alfajiri, na marehemu mama yangu alikuwa anaongea hata na sufuria, anaigombeza ikichelewa kuchemka. Shule niliiacha darasa la sita, mama alipougua, nikabaki kumuuguza. Kifaransa changu ni cha bonjour na merci, na hiyo merci yenyewe wanangu wanasema naitamka vibaya.

Mume wangu naye ni wa kule kule. Anauza vipuri vya magari kwenye duka la watu pale mtaa wa Asiatique. Lakini ujanani alikuwa na hamu ya kazi ya ofisi. Siku moja wakamwita kwenye mtihani wa kuongea. Alijiandaa, akaazima na shati. Walipomuuliza swali, Kifaransa kikamkimbia, mdomo ukajibu kwa Kiswahili. Wakacheka. Mmoja akamuuliza kama amepotea njia ya sokoni. Alinihadithia hilo mara moja tu, wakati tunachumbiana, akaniambia nisimuulize tena. Leo nalisema kwa ruhusa yake.

Sasa mtoto wetu wa kwanza, msichana, alipoanza shule, ile ya Kifaransa tupu, mume wangu alirudi kutoka kazini akaniketisha. Akasema, "Watoto wangu hawatachekwa. Kuanzia leo, hapa nyumbani ni Kifaransa. Kirundi watakipata barabarani, hakuna mutu anakikosa. Kiswahili ni ya sokoni."

Nikamuuliza, "Na mi nitaongea nini?"

Akafikiri. Wala hakusema kwa ubaya. "We nyamaza kidogo tu, mpaka kiwakamate. Ukiwachanganyia utawaharibu."

Tulibishana. Mimi nilikuwa naona shule ni shule na nyumba ni nyumba. Mtoto akirudi avue viatu, avue na Kifaransa, ale, nimtanie, nimgombeze, nimweleze babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Nani analea mtoto kwa ishara za mikono? Yeye alikuwa anaona nyumba ndiyo darasa la kwanza, na mwalimu wa darasa hilo akiwa hajui, mtoto ameshachelewa. Nilishindwa. Sikushindwa kwa hoja, ndugu zangu, nilishindwa kwa woga. Nilijisemea, je kama ana haki? Nani anataka kuwa mama aliyewaharibu wanawe?

Basi nikanyamaza kidogo. Hicho kidogo kikawa miaka.

Tukahamia huku Gasenyi, tukapata kiwanja chetu, majirani wema, ila asubuhi kila mmoja anakwenda kwenye shughuli zake na barabara inabaki na kuku. Jioni wanarudi wanangu, msichana na mdogo wake wa kiume, wanarudi na baba yao, na meza inajaa maneno. Wanacheka. Mimi nacheka baada yao, nimechelewa, kwa sababu nimeona wengine wanacheka. Halafu naondoa sahani. Nilikuwa naondoa sahani mapema mno, mpaka kuna siku nilimpokonya mtu kijiko.

Mara moja nilimfuata msichana shuleni kumpelekea koti, mvua ilikuwa inakuja. Alikuwa na wenzake getini. Akanikimbilia kabla sijafika, akanishika mkono, akaniambia polepole kwa Kirundi, "Mama, usiongee." Alichukua koti akarudi. Hakuwa na kiburi, nawaambia. Alikuwa na hofu ile ile ya baba yake, ameirithi akiwa mdogo. Nilitembea mpaka nyumbani na hiyo mvua, na sikutafuta pa kujikinga.

Mtacheka nikiwaambia nilifanya nini kupata mtu wa kuongea naye. Nilikuwa nashuka Asiatique kupatana bei ya vitenge nisivyovinunua. Ndiyo, cheka tu, mama pale. Najiosha vizuri, namfunga mtoto mgongoni, napanda basi, naingia duka moja, naomba wanishushie kitenge kutoka juu kabisa. "Hii rangi inatoka?" "Haitoki, mama." "Mbona jirani yangu yake imetoka?" "Hiyo haikuwa ya hapa." "Basi punguza." "Nimepunguza." "Punguza tena." Ah, nilikuwa najisikia mtu. Halafu nasema nitarudi, naondoka. Mwenye duka mmoja, mzee wa heshima, alinivumilia muda mrefu. Siku moja akaniuliza, kwa upole, "Mama, leo unanunua, ao umekuja kuongea?" Akanivutia kigoda, akasema, "Basi kaa. Tuongee." Nililia kwenye duka la watu.

Na mtoto niliyekuwa namfunga mgongoni ndiye wa mwisho, bucura wangu, msichana. Wakubwa walikuwa shuleni kutwa, baba yao kazini. Huyu alikuwa anashinda na mimi. Na mimi nilikuwa nimenyamaza.

Hapo ndipo penyewe, ndugu zangu. Wale wakubwa walikuwa wameshasikia maneno yangu kabla sheria haijaingia ndani. Huyu aliikuta sheria. Nilimpenda, nilimbeba, nilimwosha, nilimlisha, vyote kwa kimya. Akitaka maji ananyoosha kidole, nampa. Baba yake akirudi anamsemesha Kifaransa kidogo kabla hajalala. Wenzake walianza kuita mama, kuita maziwa. Yeye kimya. Watu wakasema ni mtoto mtulivu. Mume wangu akasema anajikusanya, siku akifungua mdomo kitatoka Kifaransa safi. Nami nilikuwa namtazama machoni naona ni mtoto mwenye akili, anafuata kila kitu, na ndani yangu kulikuwa na hofu nisiyoitaja.

Siku hiyo nilikuwa nachagua mchele uani. Maharage yalikuwa juu ya mbabula, makaa yamewaka vizuri. Nikainua macho, naona mtoto ananyoosha mkono kwenye sufuria. Alikuwa mbali kidogo na mimi, sikuweza kumfikia, lakini sauti ingemfikia. Mdomo ukafunguka. Na mdomoni, nawaambieni ukweli, hakukuwa na kitu. Kiswahili kilikuja, nikakirudisha, kwa mazoea tu. Nikawa natafuta lile neno la Kifaransa la kumwambia mtoto acha, moto. Nilikuwa nalijua. Nimelisikia mezani kila siku. Nikalitafuta, na mtoto akashika sufuria.

Majirani walinisaidia kumfikisha kituo cha afya. Mume wangu akatukuta huko, jasho linamtoka. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa pale pale. Nilikuwa natafuta neno."

Akanitazama. Alielewa, niliona kwamba alielewa, akageuza uso.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, mwenye haraka. Alipoanza kusafisha ule mkono mtoto alilia kilio ambacho sitaki kukisikia tena. Akasema, "Muongelesheni mutoto, asiangalie mukono." Mume wangu akaanza kwa Kifaransa, maneno mazuri. Mtoto akazidi kulia, anamtafuta mama. Muuguzi akaniambia, "We mama, ongea. Unangoja nini?"

Nikamtazama mume wangu kama mtu anayeomba ruhusa. Halafu nikaacha kumtazama.

Sikuwa na hadithi iliyo tayari. Kilichonijia ni vitenge. Nikamwambia, sikiliza mama yangu, tutashuka mjini mimi na wewe, tutaingia kwa yule mzee, tutamwambia ashushe kile kitenge cha manjano kilicho juu kabisa, tumuulize rangi inatoka ao haitoki. Nikamweleza bibi yake alivyokuwa anagombana na sufuria. Nikamweleza Buyenzi. Yalitoka yote, miaka yote, nikawa nalia na kuongea pamoja. Na mtoto akanyamaza. Akawa ananitazama mdomo. Hanitazami macho, mdomo, vile unavyotazama mlango ambao hukujua kama unafunguka.

Muuguzi akamaliza kufunga. Akauliza, "Mutoto anaongea?"

Nikasema bado.

"Nyumbani anashindaka na nani?"

"Na miye."

"Na munaongeaka luga gani?"

Mume wangu ndiye alijibu. Alisimama pale mlangoni, shati la kazi lina mafuta ya gari, akasema, "Haongei naye. Mi ndiye nilikataza."

Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kukaa kimya, hata mimi ningemfichia. Kwa neno hilo nilimsamehe mengi, ingawa si yote siku hiyo hiyo.

Msifikiri tulirudi nyumbani tunaimba. Siku zilizofuata alikuwa anakula amejiinamia. Kisha jioni moja akaweka kijiko chini akasema kwa Kirundi, mbele ya watoto, "Mama yenu ataongea ile anajua. Mi nitaongea Kifaransa. Mutasikia sisi wote." Akaendelea kula. Ndiyo hivyo tu.

Na mimi, niliyekuwa na kiu ya kuongea miaka yote, nikakuta kuongea ni kazi. Naanza sentensi, naiacha njiani. Wale wakubwa wananitazama kwa adabu, vile unavyomtazama mgeni wa baba. Nilikuwa mpweke kuliko zamani, kwa sababu zamani nilikuwa na sababu. Nikajilazimisha. Nikamgombeza mvulana kwa Kiswahili cha Buyenzi, nikamtania dada yake kwa jinsi anavyojitazama kwenye kioo. Siku moja nikawahadithia nilivyompokonya baba yao kijiko, nikaiga na uso wake. Msichana alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaacha kucheka, akaniambia, "Mama, sikujua kama unachekeshaka."

Anakaribia kumaliza shule ya msingi, mtoto wangu wa kwanza, na alikuwa hajui kama mama yake ana utani. Neno hilo lilinifurahisha na likanikata. Bado linanikata. Kuna miaka sitarudishiwa, na mvulana wangu mpaka leo nikimwuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kifaransa. Ananijibu lakini. Nachukua hicho.

Bucura sasa. Kila siku nilikuwa naongea naye, nachagua mchele naongea, natwanga naongea. Wiki zikapita, hakuna kitu. Yule muuguzi, tulipomrudisha mtoto kufunguliwa mkono, aliniambia niendelee, nisingoje jibu. Usiku nilikuwa naomba Mungu anipe neno moja tu, la lugha yoyote, hata ile ya Kifaransa.

Likaja mezani. Baba yake alikuwa anampakulia wali, na akipakua ni mtu asiye na kipimo. Akaweka, akaweka tena. Mtoto akatazama sahani, akaweka juu ya meza ule mkono wake wenye kovu, akasema, "Punguza."

Mume wangu ameshika mwiko hewani. Mtoto akafikiri hakusikika. Akasema, "Punguza tena."

Ndugu zangu, yule mwanamume aliyeapa watoto wake hawatasema maneno ya sokoni, alipunguza. Akarudisha wali kwenye sufuria kidogo kidogo, machozi yanamwanguka, anamuuliza kwa Kiswahili, "Hapo? Ao nipunguze bado?" Sikuwa nimesikia Kiswahili chake ndani ya nyumba ile tangu tuhamie.

Nimshukuru yule muuguzi aliyeniambia ongea. Nimshukuru mzee wa vitenge na kigoda chake. Nilinunua kile cha manjano hatimaye, ndicho hiki nimevaa, na rangi haijatoka. Niwashukuru majirani walioniazima miguu yao siku ile. Nimshukuru mume wangu, aliyesema "mi ndiye" wakati angeweza kusema "ni yeye". Na nyinyi, kwa kunisikiliza mtu ambaye hakupigwa.

Wazazi, gombaneni kuhusu shule. Kila mmoja anavuta mtoto kwa hofu yake, na Kifaransa mimi sikichukii, nataka wanangu wakipate. Lakini katika kugombana kwenu, asiwepo mmoja anayeambiwa anyamaze kwa faida ya mtoto. Na wewe unayeambiwa hivyo, mama ao baba, usikubali hata kwa kidogo. Mtoto wako hatajua kwamba ulikuwa unamtii mwenzako. Atajua tu kwamba hukumwambia kitu.

Sasa mnasikia huko nje? Yuko na baba yake, wanapatana bei ya kurudi nyumbani, na naona baba anashindwa. Sasa mtoto ameanza kuniita mimi. Nina mengine ya kusema, lakini mtanisamehe. Ngoja nikamjibu.