Alois Mageni na Swichi Isiyokata

“Fundi aliletwa kutuwashia taa, kazi yake imekuwa kutuzimia.” Maneno hayo Bwana Bartholomeo wa stoo anayarudia kilabuni tangu mwaka jana, na wapo wanaocheka. Nasema ni uongo, na nitaukanusha hapa hapa, katika programu ya kumuaga huyo anayesemwa.

Alois Mageni, Baba Anisia, anastaafu Jumamosi tarehe 30 Novemba 1957, baada ya miaka kumi na tisa katika mgodi wetu wa dhahabu hapa Geita. Alitoka Ushirombo kuja kubeba nguzo za umeme, akajifunza kazi, akawa fundi wa kota zote. Kwaya ya Jumapili itaikosa sauti yake nzito. Mbwa wa kota, waliozoea kuiitikia kwa kubweka, watapumzika.

Sasa habari yenyewe. Kila nyumba ya kota ina swichi ya kinga, ile inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Mwaka jana zilikuwa zikikata kila jioni watu wakipiga pasi, isipokuwa ya Bartholomeo. Majirani wakaisifu. Wakahamishia kwake pasi zao, redio, hata jiko la umeme la Mama Limi. Alois aliposikia sifa hizo hakucheka. Alikwenda, akagusa kifuniko, kikamuunguza. Akazima umeme kwenye nguzo, akafungua. Mpira wa nyaya ulikuwa umegeuka mkaa, na swichi imeganda, haiwezi kukata hata nyumba ikishika moto. Akaitoa, akafunga mpya.

Jioni ile ile ikakata, redio katikati ya wimbo.

“Baba Anisia, umetoa nzima ukatuwekea mbovu!” Bartholomeo alifoka mbele ya watu.

“Hii ndiyo nzima, bwana. Chini ya dari ile wanalala wanao.”

Wanawe ni wazima hadi leo, na baba yao angali anacheka kilabuni.

Asante, Baba Anisia. Nenda salama kwako Ushirombo, ukalime, ukaimbe, upate uzee wenye afya.

Lakini ninyi wenye nyumba tatu za mwisho, mnaojivunia swichi zisizokata na mliomfungia fundi milango, mnajijua. Jumamosi adhuhuri anapanda lori. Swichi zenu mpya ziko mfukoni mwake. Mfungulieni kabla lori halijaja.