Kondoo wa Shukrani kwa Kazi Isiyokuwepo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wazee mlioko mbele, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma, maana leo nasema na ninyi zaidi.

Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumaliza darasa la nane. Kijana akimaliza shule, watu hapa mlimani huona kazi moja tu: ukarani bomani, chini ya Bwana DC. Mzee mmoja wa kanisa hili, aliyekuwa mpishi wa huyo Mwingereza, akamwambia baba yangu, "Nimeshasema na Bwana. Kijana wako ataitwa." Baba hakuuliza lini. Jumapili iliyofuata akaleta kondoo dume hapa mbele, akamshukuru Mungu kwa kazi yangu! Baada ya ibada kondoo akanadiwa pale nje kama sadaka nyingine, na aliyemnunua ni yuleyule mpishi. Nyama akala. Mimi sikuitwa.

Mtasema baba angengoja. Ni kweli. Lakini ukishatoa shukrani mbele ya kanisa zima, unarudije kusema hakuna kitu? Baba hakuweza. Kila asubuhi akanitoa nyumbani na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, nishuke Arusha ili majirani waone Karani anakwenda kazini. Bomani tarishi alinifukuza barazani. Nikazunguka mjini na njaa yangu, hodi huku, hodi kule, na jioni nikapanda mlima huku watoto wakiniamkia, "Shikamoo, Karani!" Ndugu zangu, nililichukia jina lile! Nililia migombani nikamuuliza Mungu, kondoo yule ulimpokea wa nini?

Kisha ikafika Jumapili ya kuleta malimbuko ya mshahara wangu wa kwanza. Mchungaji akaniita mbele. Nikang'ang'ania benchi. Baba akanikazia macho, nibuni lolote. Ndipo mama yangu, ambaye hakuwahi kufungua kinywa kanisani ila kwa kuimba, akasimama upande wa wanawake.

"Mchungaji, mwanangu hana kazi. Hajapata kazi hata siku moja. Msimwite tena Karani."

Mpishi akafungua kitabu cha nyimbo, akatafuta wimbo ambao hakuna aliyeutaja. Wengine walicheka, na baadhi yenu mko hapa, nawaona. Lakini mimi, haleluya, nilipumua! Bwana alinifungua palepale, kwa kinywa cha mama yangu!

Kesho yake nikavaa nguo za shamba, nikaenda Sakina, kwenye barabara ya Nairobi, kwa fundi mmoja Mchaga aliyekuwa akiunda bodi za mbao za malori. Nikamwambia, "Shikamoo, fundi. Sina kazi. Nifundishe." Akanipa randa. Hesabu za shule hazikupotea, zilinifaa kwenye vipimo, na leo nina karakana yangu mwenyewe.

Malimbuko ya kweli niliyaleta hapa. Baba hakuja siku hiyo. Alimnunia mama muda mrefu kwa aibu ile, na akafa bila kukanyaga karakana yangu. Hilo linanichoma mpaka leo, sitawadanganya. Na yule mpishi nimemsamehe kwa mdomo, moyo bado unajivuta. Niombeeni.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika uongo ule. Vijana mliomaliza shule, najua nyumbani wameshawapa vyeo. Msitafute kazi ya kuwafurahisha majirani. Shikeni iliyopo, mkajifunze. Na mwaminini Mungu, maana hakusubiri mimi niwe karani ndipo anisikie!

Nani kati yenu hana kazi leo? Simama hapo ulipo, useme. Na wewe mama yake, usimwache asimame peke yake.