Dokta Asnath Ntandu, Aliyefungua Bomba la Mtinko

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi. Mimi ni Hanifa Mansuri. Mchana huu tunamkumbuka Dokta Asnath Ntandu, mzaliwa wa Mtinko. Amefariki Jumatano kwa kiharusi, tukamzika jana. Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Narudia, arobaini na tatu tu.

Dokta Asnath alikuwa mtafiti wa kompyuta. Alichunguza chipu, kile kipande kidogo kinachopiga hesabu ndani ya mashine. Kimejengwaje? Je, kinaweza kutunza siri? Kazi yake ya miaka kumi na tano ilimpa jibu baya: chipu nyingi zinavujisha siri.

Jana, baada ya mazishi, nilikaa na mama yake kwenye mkeka. Nikamwamkia, nikamuuliza kama aliielewa kazi ya mwanawe.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mama Damari. "Nilimuuliza, unasoma nini miaka yote hii? Akaniwekea kiganja kifuani. Akasema, mama, mtu akificha jambo moyo unakwenda mbio. Mashine nayo ikishika namba ya siri, umeme wake unapanda na kushuka. Mimi naupima huo umeme, naijua siri."

Miaka minne iliyopita aliipima chipu iliyomo kwenye mabomba ya maji ya kadi. Mnayajua. Unagusisha kadi, maji yanatoka. Akagundua kwamba namba ya siri ya kadi ya fundi wa mabomba inasomeka ndani ya nusu saa. Mwenye siri hiyo anaweza kufungua bomba lolote, au kulifunga. Akaiandikia kampuni iliyoyaweka. Wakamjibu, tutalifanyia kazi. Akaandika tena. Mara ya tatu hawakujibu.

Oktoba mwaka jana, wezi wakatengeneza kadi za fundi za bandia. Kampuni, kwa hofu, ikayafunga mabomba yote kutoka makao makuu. Mtinko ikakaa siku tisa bila maji. Siku tisa, wasikilizaji, katika ukali wa kiangazi. Watu wakarudi kuchota kwenye lambo la ng'ombe.

Siku ya sita Mzee Gabrieli, baba yake Asnath, akaanza kuhara. Siku ya saba akafariki zahanati. Siku ya nane Asnath alifika kutoka chuoni akakuta kaburi linachimbwa.

Kesho yake asubuhi, siku ya tisa, alitoka na kompyuta na kile kifaa chake cha kupimia umeme wa chipu, akaenda bombani watu wote wakimwona. Mdogo wake, Gervas, alimfuata.

"Nikamwambia, dada, utafungwa," Gervas alinisimulia. "Akasema, baba kishazikwa, Gervas. Waje wanifunge. Akapiga magoti kwenye tope kavu. Nusu saa haikuisha, maji yakatoka. Hakuna aliyeshangilia. Kina mama walipanga ndoo tu. Yeye akakaa chini akalia. Akawa anasema, ningekuja juzi. Ningekuja juzi."

Wiki ileile akashtakiwa kwa kuharibu miundombinu ya maji. Chuo kikamsimamisha kazi. Kompyuta yake, vifaa, madaftari ya miaka kumi na tano, vyote vikachukuliwa kuwa ushahidi. Kesi ikaahirishwa mara kumi na moja. Gervas anasema dada yake aliacha kusoma, akaacha hata kuongea. Alikuwa anakaa uani anatazama mikono yake. Jumatano alianguka palepale uani. Hukumu haijasomwa. Madaftari hayajarudi.

Wasikilizaji wapendwa, kuna jambo lazima niliseme. Mwaka mmoja kabla mabomba hayajafungwa, Asnath alikuja hapa kituoni. Nilimrekodi dakika ishirini. Alisema wazi kwamba mabomba yana kasoro na kijiji kizima kinaweza kukosa maji. Mkubwa wangu akaniuliza, nani ataelewa habari za chipu? Nikamjibu, ni kweli, ni ngumu. Hatukuirusha. Asnath alinipigia simu mara mbili kuuliza itarushwa lini. Mara ya pili sikupokea.

Mama Damari, Gervas, na ukoo wote wa Ntandu, poleni sana. Mungu awape nguvu. Jana nilitaka kuwaambia haya pale mkekani, nikashindwa. Nisameheni kwa kuyasema kwanza mbele ya watu.

Na wewe unayenisikiliza, mabomba yale yana chipu ileile hadi leo. Aliyeweza kutuambia nini cha kufanya tumemfukia jana. Mtu wa kwenu akija kukuonya, usingoje mpaka uelewe kila neno lake. Mimi nilingoja.