Siku Bibi Dorkas Alipopuliza Pembe

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko njiani, tafuta mahali ukae. Leo tunamkumbuka Bibi Dorkas Sifael wa kule juu Myamba, wilaya ya Same. Alifariki wiki iliyopita nyumbani kwake, akiwa amekula chumvi nyingi. Dorkas Sifael, mkulima wa tangawizi. Mwanamke aliyepuliza pembe.

Pembe gani? Wapare wenzangu nawasikia mnacheka, mnajua tayari. Kwa wengine, ngoja niwaeleze. Upareni kuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Mfereji ukibomoka, barabara ikiharibika, pembe inalia alfajiri na kila nyumba inatoa mtu. Asiyefika anatozwa faini. Lakini pembe hailii hivi hivi tu. Pale kitongojini ilikuwa lazima mwenyekiti aruhusu, na aliyepuliza siku zote alikuwa mwanamume. Kwa miaka mingi alikuwa mume wa Dorkas. Alipofariki, pembe ilibaki ukutani kwa mjane wake, ikila vumbi.

Sasa sikilizeni. Miaka hiyo kitongoji hakikuwa na shule. Shule ya karibu ilikuwa bondeni, ng'ambo ya mto, na mto ukijaa mtoto mdogo havuki. Basi watoto walikaa nyumbani mpaka wapate miguu ya kuvuka. Wakati huo wote wanachimba tangawizi na kuchunga mbuzi. Dorkas alikuwa akimlea mjukuu wake, Blessing, kwa sababu baba mtu, Fredrick, alikuwa ameshuka Makanya kwenye machimbo ya jasi kutafuta riziki. Blessing alikuwa na miaka tisa na hajawahi kushika penseli. Jambo hilo lilimnyima bibi yake raha, jamani.

Wazazi wakaamua kujenga darasa lao wenyewe. Wakafyatua matofali ya udongo, kuta zikasimama. Mabati yakaja na lori kutoka Same, yakahifadhiwa kanisani. Ikabaki kuezeka tu. Na hapo ndipo watu walipozama mashambani! Mwaka ule tangawizi ilikuwa na bei nzuri. Kila kikao jibu ni lile lile, wiki ijayo. Wiki ijayo, wiki ijayo, na mawingu ya vuli yanajikusanya. Matofali mabichi na mvua mnavijua. Mvua kubwa moja tu, darasa linarudi kuwa tope na Blessing anarudi kuchimba tangawizi.

Alfajiri moja Dorkas alitoka nje, akatazama mlimani, akajua mvua iko karibu. Akarudi ndani, akaishusha pembe.

Hakuwahi kuipuliza maishani mwake. Majirani wanasema ilitoka sauti ya ndama mwenye kikohozi. Lakini pembe ni pembe. Watu walitoka mbio na majembe na sururu, wakidhani mfereji umepasuka. Wakamkuta Dorkas amesimama mbele ya zile kuta zisizo na paa, kanga kaifunga kiunoni, pembe mkononi.

Mzee Elinaza, mwenyekiti wa wakati huo, alifika akihema, hasira zimempanda. Akamuuliza nani kampa ruhusa. Dorkas hakubisha hata kidogo.

"Hakuna," alisema. "Nitozeni faini. Ila mmeshafika, na misumari ile pale."

Watu wakatazamana. Mmoja akaguna, mwingine akacheka, kicheko kikasambaa. Fundi akapanda juu. Vijana wakaenda kanisani, wakarudi na mabati vichwani. Jua linazama, darasa lina paa.

Msidhani alisamehewa faini! Elinaza alisema utaratibu ni utaratibu, awalishe wote waliofika. Dorkas akateleka makande pale pale uwanjani, mahindi na maharage ya akiba yake mwenyewe. Watoto nao wakala, wakashiba. Masomo yalipoanza walikuja wote, wakichungulia kama sufuria lipo. Mama mmoja akaleta mahindi, mwingine maharage, mwingine kuni. Chakula cha mchana pale shuleni kilianza hivyo, na hakijakoma hadi leo.

Blessing sasa ni mwalimu, tena katika shule hiyo hiyo. Nilimpigia simu, akaniambia hivi: "Mvua ilikuja wiki ile ile. Ilipiga bati mpaka hatumsikii mwalimu. Tukacheka tu, maana tulikuwa ndani."

Tulikuwa ndani. Wenzake aliokuwa nao ndani, mmoja ni nesi Same mjini, mwingine fundi umeme. Wengine wamebaki na tangawizi yao, lakini mnunuzi akileta mizani, wanaisoma wenyewe.

Mwisho wa maisha yake Dorkas alikuwa na neno moja. Shule ilikuwa inajenga jiko, kuta zimesimama tangu mwaka jana, paa hakuna. Kila aliyekuja kumjulia hali aliulizwa kama jiko limeezekwa. Kila mmoja alijibu, bado, bibi, wiki ijayo.

Alizikwa Jumamosi. Jumatatu alfajiri, wasikilizaji wapendwa, pembe ikalia. Watu wakatoka mbio na majembe. Shuleni wakamkuta Mzee Elinaza, ambaye siku hizi si mwenyekiti wa kitu chochote, ameegemea fimbo, na ile pembe ya ukutani kwa Dorkas iko mkononi.

Mwalimu Blessing akamsogelea. Macho yalikuwa mekundu bado, lakini alikuwa anatabasamu.

"Shikamoo, babu. Nani kakupa ruhusa?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna," mzee akasema. "Nitozeni faini."

Jiko lina paa. Kwako Fredrick, kwako mwalimu Blessing, na ukoo mzima, tunawapa pole sana. Mungu ampumzishe mama yetu Dorkas Sifael. Nawe unayenisikiliza, tazama hapo ulipo, kuna ukuta gani unaosubiri wiki ijayo? Mwenzenu nafunga safari ya Myamba Ijumaa. Mzee Elinaza analipa faini yake, na nimeambiwa makande yatatosha watoto wote.