Gurudumu la Mwabungo: Kumuaga Fundi Dzombo Chirau

Ijumaa tarehe 29 Desemba 1989, Fundi Dzombo Chirau atakabidhi spana zake baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka ishirini na saba na nusu. Mhariri wa jarida la wafanyakazi ameniomba mimi, Garama Menza, niliyekuwa karani wa karakana hiyo hadi mwaka 1973, niandike wasifu wake, kwa kuwa kati ya tuliomwona akiingia mara ya kwanza nimebaki peke yangu. Nimekubali kwa sharti kwamba lisipunguzwe neno. Katika maisha ya Dzombo kazini liko jambo ambalo nimelificha kwa miaka ishirini na sita. Kwa sababu ya jambo hilo anastaafu bila kuwa na kwao pa kurudi, na hali shamba la marehemu babake lipo Munje, na minazi yake inaangusha nazi zisizookotwa na mwenyewe. Daktari ameniambia nisijiwekee mipango ya mbali. Mkono wangu unatetemeka, hivyo ninatamka na binti yangu Jemima anaandika.

Dzombo alizaliwa Munje mwaka 1934. Alipofika umri wa miaka kumi na minane alijiandikisha Keya, kama tulivyoliita jeshi la enzi ile, akapelekwa Nanyuki, kwenye baridi ambayo anasema ilimfanya alale na buti miguuni. Huko alifundishwa ufundi wa magari, akatengeneza malori ya askari kwa miaka kumi. Julai 1962 alitoka jeshini akaja Kwale. Nakumbuka alivyoingia ofisini kwangu: buti zinang'aa, karatasi ya kuachiliwa jeshini imekunjwa mara nne sawasawa, na kwapani kibunda cha turubai chenye spana zake, kila spana na mfuko wake.

Asubuhi yake ya kwanza alifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta akayapanga malori yote pua zikiwa sawa na kamba. Kisha akawapanga madereva, kila mtu ubavuni mwa gari lake. Mwero, dereva wa Bedford na mtu wa maneno mengi, alimwambia vita vimekwisha, hapa wanabeba kokoto, si bunduki. Dzombo akamjibu kwamba yeye taarifa hiyo hajaletewa, akainama kutazama tairi. Tangu siku hiyo Mwero alimwita Afande, kwanza kwa dhihaka, mwishowe kwa heshima.

Wengi mnakijua kisa cha Land Rover ya mpimaji wa barabara, iliyokuwa ikipiga mluzi kila ikipanda kilima. Mafundi watatu walikuwa wameishusha injini na kuirudisha bila mafanikio. Dzombo aliomba watu wanyamaze, akaliweka sikio lake karibu na boneti kwa muda mrefu, halafu akafungua bomba la hewa na kutoa kiota cha nyigu kilichojengwa kwa udongo. Mpimaji alitaka kumpa mkono. Dzombo alipangusa wake kwanza kwa kitambaa, akapiga saluti, ndipo akaupokea.

Mafundi wengi wa wilaya hii wamepita mikononi mwake, na yale aliyowaambia wanaendelea kuwaambia wengine. Gari likirudi safari, gusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa kiganja. Vuguvugu ni uzima, moto ni ugonjwa. Nati unazozitoa zitandike juu ya kitambaa kwa mpangilio ule ule ulioufuata kuzitoa. Sikiliza kabla hujafungua. Ukifunga gurudumu, kaza nati kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini. Liendeshe maili moja, rudi, uzikaze tena. Na usiandike jina lako juu ya kazi ambayo usingekubali mamako apande.

Hilo la mwisho lilikuwa na maana ya kweli, kwa kuwa ndiye aliyetuletea desturi ya kadi kutoka jeshini. Kila gari lilining'iniziwa kadi kwenye usukani. Fundi aliyelishughulikia aliandika jina lake, na dereva hakuruhusiwa kuondoka na kadi isiyo na jina la fundi. Kulikuwa na tatizo moja tu: Dzombo mwenyewe alijua kuandika namba yake ya jeshi na si zaidi. Basi saa za mapumziko nilimfundisha. Aliniita Mwalimu, ingawa sikuwahi kuwa mwalimu wa mtu yeyote mwingine. Alinakili mwandiko wangu herufi kwa herufi, hata ile D yangu yenye mkia mrefu niliyoipata kwa wamisheni. Yeye kwa zamu yake alinifundisha magari. Nilikuwa mtu wa kola nyeupe na vidole safi, na vijana wa karakana walizoea kuniuliza kama kalamu ya leo ni nzito niletewe jeki. Kujifunza kwa Dzombo kulinipa faraja. Nilianza kujiona fundi.

Jumatano tarehe 11 Desemba 1963, mkesha wa Uhuru, lori la Bedford lilikuwa limepangwa kwenda Msambweni kuwachukua wachezaji wa ngoma ya sengenya, waje kucheza bendera ikipandishwa. Saa sita na nusu mchana Mwero aliliingiza karakana likiwa na pancha ya gurudumu la nyuma kushoto. Dzombo na wenzake walikuwa wamekwenda kuswali adhuhuri, na nilikuwa peke yangu uwanjani. Mwero alikuwa na njaa. Nilimwambia aende kula, mafundi wakija watalifunga. Alipopotea kwenye kona nilivua shati, nikaweka jeki.

Sikuwa na sababu ya kutosubiri. Nchi nzima ilikuwa inajiandaa kujitawala, nami nilitaka siku hiyo niwe nimefanya kitu kwa mikono yangu. Nililitoa gurudumu, nikafunga jingine, nikazikaza nati nane kwa kuvuka kama nilivyofundishwa. Zilikaza vizuri. Nilinawa, nikavaa shati, nikaandika kadi. Jina langu lisingefaa, kwa kuwa sikuwa fundi. Mwero angecheka, na kicheko chake kingefika Likoni. Niliandika Dzombo Chirau. Mwero aliporudi aliisoma kadi, akasema leo Afande ameswali kwa haraka, akaondoka saa saba na robo.

Saa kumi alasiri, lori likirudi na watu ishirini na wanane, gurudumu hilo lilichomoka karibu na Mwabungo. Lori lililala ubavu. Wengi walivunjika viungo. Mishi, binti wa Mzee Abdurahman wa Munje, umri wa miaka kumi na tisa, alifariki pale pale barabarani, njuga zikiwa miguuni. Kesho yake bendera ilipandishwa, na Munje walikuwa wanachimba kaburi.

Uchunguzi ulifanyika Januari. Asubuhi yake, Dzombo alikuja mezani kwangu akaweka nati tatu za gurudumu lililochomoka, zilizookotwa barabarani. Nati za lori lile zilikuwa na upande bapa na upande wenye mteremko. Ule wa mteremko ndio unaoingia kwenye tundu la rimu ukashika. Ukiigeuza, nati hukaza mkononi ukaridhika, lakini barabarani hujilegeza, hasa gari likipata mzigo. Zile tatu zilikuwa na alama upande bapa. Zilifungwa kinyume.

Dzombo alinitazama bila hasira. Alisema, "Mwalimu, aliyezifunga hizi nilikuwa sijamaliza kumfundisha."

Nikamwambia mambo ya nati mimi siyajui.

Aliyeongoza uchunguzi hakuzitazama nati, wala hakuwauliza walioswali na Dzombo. Alijua kusoma karatasi tu. Mwero alisema kweli aliyoiona: alikuta kadi ina jina la Dzombo. Dzombo alisema hakulifunga gurudumu lile na mwandiko ule si wake. Alipewa kalamu aandike jina lake, akaliandika, na D ikaja na mkia mrefu uleule. Watu waliguna. Niliitwa mimi kama mjuzi wa miandiko yote ya karakana, nikaulizwa mwandiko ni wa nani. Nilijibu, "Ni wa Dzombo, bwana."

Hakufungwa. Ilisemwa ni uzembe, si kusudi. Alivuliwa ukuu wa mafundi aliokuwa nao, na barua ikawekwa kwenye faili lake kwamba asipandishwe tena. Barua hiyo niliipiga chapa mimi. Kwa miaka ishirini na sita amefanya kazi chini ya vijana aliowafundisha kushika spana, na sijawahi kusikia amewajibu vibaya. Alipoulizwa na marafiki anamshuku nani, alisema jeshini walifundishwa kuripoti walichokiona kwa macho, naye hakuona.

Hayo ya cheo aliyabeba. La Munje ndilo lililomvunja. Watu wa kijiji chake waliamini amemuua binti wao kwa uvivu wa maili moja, kisha akakana kwa uongo kwenye uchunguzi. Salamu zilikatika. Mwaka 1971 mamake alifariki, akaenda kumzika. Nilifuatana naye, nikiwa rafiki yake wa karibu, kama nilivyojulikana. Baada ya dua Mzee Abdurahman alimsogelea, akamwambia mbele za watu, kwa sauti ya chini, "Umemzika mamako, hiyo ni haki yako. Sasa rudi ulikotoka, usituhesabu kuwa jamaa zako." Dzombo alisema, "Inshallah, mzee wangu," akapanda gari. Njiani alisimamisha mara moja, akashuka, akagusa vitovu vya magurudumu yote manne kwa mgongo wa kiganja, akapanda tena. Akaendesha mpaka Kwale. Nami nilikaa kando yake nikitazama barabara.

Tangu hapo hajakanyaga Munje. Kila mwezi hutuma mchele na sukari kwa Bi Biasha, mamake Mishi, kwa mkono wa watu wengine, bila kutaja jina. Najua kwa sababu mara nyingine mkono huo ulikuwa wangu.

Mzee Abdurahman alifariki miaka sita iliyopita akiwa anaamini uongo wangu. Mwero naye amekwenda. Bi Biasha yuko hai, na mhariri ameniahidi kwamba mama huyo na wazee wa Munje wataalikwa Ijumaa hiyo, na kwamba maneno haya yatasomwa mbele yao. Bi Biasha, shikamoo. Gurudumu lililomuua binti yako nililifunga mimi, Garama Menza, karani. Kadi niliiandika mimi. Dzombo hakuligusa. Mchele ulioupokea miaka yote hii umetoka kwa mtu asiye na deni kwako. Ninaomba wazee wamfungulie njia ya kwao. Wakuu wa karakana ninawaomba waitoe barua ile kwenye faili kabla hajakabidhi spana, ingawa najua haitamrudishia mwaka hata mmoja.

Kwa niaba ya wote waliofanya kazi naye, ninamshukuru Fundi Dzombo kwa malori ambayo hayakupata ajali, ambayo hakuna aliyewahi kuyaandikia habari. Alitufundisha bila choyo, hata waliokuja kumpita. Mola ampe afya, ampe uzee mtulivu katika shamba la babake, na majirani wamwitikie salamu zake asubuhi.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mtu akisoma hadi hapo atasema Garama alikosea kazi asiyoijua, kisha akaogopa, na huenda akanihurumia. Kuna jambo jingine, ambalo hata kwenye uchunguzi halikutajwa. Dzombo hakulitaja, kwa nini, sijui, sikuwahi kuthubutu kumwuliza.

Siku ile, saa nane kasoro robo, Dzombo alirudi kutoka msikitini, akaona gurudumu lenye pancha limeegemezwa ukutani na lori halipo. Aliingia ofisini akaniuliza nani amelifunga, na kama limeendeshwa maili moja likakazwa tena. Wakati anauliza alikuwa ameshachukua ufunguo wa Land Rover kwenye msumari wake, alifuate lori. Ingemchukua Mwero zaidi ya saa moja kufika Msambweni, na saa nyingine kupakia watu. Angelikuta limesimama, na Mishi bado hajapanda. Nami nilijua kwamba akiinama kutazama nati zile ataona si kazi ya fundi, na kesho karakana nzima itanicheka.

Nilimwambia, "Amefunga Mwero mwenyewe, kaka, na maili moja amekwenda, na amekaza tena."

Dzombo aliniamini. Akaurudisha ufunguo kwenye msumari.