Raki Mpya ya Fundi Saa

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kinyozi, pale barabara inapopinda kabla ya kuanza kupanda mlima. Aliye mwisho wa kulia akiinuka bila kuaga, wa kushoto hujikuta chini, ndiyo maana kuinuka kwetu kuna adabu zake. Mwisho wa kulia ni Lori, aliyeendesha magari makubwa mpaka mgongo ukamkatalia. Spea, muuza vipuri vilivyotumika, hukalia rimu ya gurudumu, maana anasema ubao haumheshimu. Kinyozi husimama mlangoni kwake na kitambaa begani. Katikati hukaa Fundi Saa, na kushoto kwake hukaa mimi, mshona mabegi na zipu. Wananiita Dua, kwa sababu sinywi kitu kabla ya kumtaja Mungu, na Kinyozi husema kahawa yangu hupoa ikisubiri amina. Asubuhi ile nilikuwa nimemwomba Mungu anilinde na ulimi wangu. Ombi lenyewe halikufika saa nne.

Mambo yalianza kwa gari. Fundi Saa alikuja akiliendesha taratibu, akakata kona yetu, na katikati ya kona gari likakoroma chini kwa chini, likajishika lenyewe upande mmoja, likasogea kwenye ukingo kama punda aliyeona nyoka.

— Umeona? Lori alisema. Limekamata tena.

— Na hakukanyaga breki, Kinyozi akasema. Mimi namtazama miguu.

— Miguu unaionaje kutoka huko, wewe una macho ya eksirei?

Fundi Saa alishuka, akafunga mlango kwa nyonga, akaja kukaa. Mama Birika, muuza kahawa wetu, akammiminia. Alipoinua kikombe, mkono wa shati upande wa kulia, ambao haukufungwa kifungo, ulitumbukia kwenye kahawa ya Lori.

— Fundi, hiyo ndiyo fasheni mpya? Kinyozi akauliza. Mkono mmoja umefungwa, mmoja uko likizo?

— Mwacheni, nikasema mimi. Anapunga hewa upande mmoja.

Wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, maana utani ulikuwa wangu. Fundi Saa naye alicheka. Akakunja ule mkono wa shati ndani kidogo kwa kidevu, akanywa.

— Sasa nisaidieni, alisema. Jumamosi nataka kupanda kwa mama watoto. Kona za kule mnazijua. Gari likinifanyia hivi kwenye ile ya korongo, mtakuja kunizika.

Hapo hakuna aliyecheka. Mkewe alivunjika nyonga akiwa bafuni, na dada mtu akamchukua akamuuguze kwake huko juu. Tangu hapo Fundi Saa amebaki peke yake. Meza yake ya saa aliikunja pia. Alituambia watu siku hizi wanatazama wakati kwenye simu, tukaitikia kwamba ni kweli, dunia imebadilika. Aliwahi kuniambia anaacha redio ikizungumza mchana kutwa ili akifungua mlango asikute kimya kimemkalia kiti. Nilimwambia nitamwombea. Nilimwombea kweli. Sikwenda.

— Tatizo ni lile lichuma ulilomfungia, Lori akamgeukia Spea. Mtu mzima unamwekea raki ya vijana wa mashindano!

Kwa asiyejua: raki ni kile chuma kirefu kinacholala chini ya injini, kinachopokea mzunguko wa usukani na kuyasukuma magurudumu kushoto au kulia. Ya zamani ilitaka usukani uzungushwe zaidi ya mara tatu kutoka pembe hadi pembe. Hii mpya, iliyotoka kwenye gari la mbio, haifiki hata mara mbili na nusu. Unagusa tu, gari limeshageuka.

— Aliitaka mwenyewe, Spea akajitetea. Alikuja kwangu akasema, nitafutie usukani mwepesi kugeuka. Mimi ni nani nimkatalie mteja?

— Mke yuko mlimani, mzee anatafuta mbio, Lori akasema. Kuna jambo hapo.

— Mbio za kwenda wapi na magoti haya? Fundi Saa akajibu, na kikombe kikabaki hewani kidogo kabla hajakitua.

Kinyozi akakohoa, ishara kwamba hekima inakuja.

— Nisikilizeni. Hiyo raki ilitoka kwenye gari lililopata ajali. Spea, kataa.

— Vipuri vyote vimetoka kwenye magari yaliyopata ajali. Ulidhani vinachumwa mtini?

— Basi. Chuma kina kumbukumbu. Kikifika kwenye kona kinakumbuka siku yake, kinaogopa. Wahenga wamesema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Hapo methali hiyo imeingiaje?

— Imeingia kwa mlango. Wewe ulitaka ipite dirishani?

— Mimi nakuambieni ni kompyuta, Lori akasema. Magari haya yana kompyuta ya kuzuia yasiteleze. Inamtazama dereva. Ikiona usukani umeshikwa vingine, inasema huyu amelewa, inakamata breki.

— Fundi halewi.

— Kompyuta itajuaje? Haimnusi! Inaenda kwa tabia tu. Na ikishakuandika mlevi, habari zinapanda kwenye setilaiti. Siku ukienda kukata leseni mpya, unaambiwa subiri pembeni.

— Astaghafiru, nikasema, mwache mwenzio.

— Tena ina wivu, Kinyozi akaendelea kama hakusikia. Imezoea raki yake ya kwanza tangu kiwandani, wamekula pamoja, wamelala pamoja. Unaniletea mke wa pili bila hata kunitambulisha? Lazima ikamate breki! Mimi mwenyewe ningekamata.

— Kwa hiyo gari liende kwa mshauri wa ndoa?

— Nasema tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Na kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa wametoka wapi tena?

— Wako kwenye methali. Usiwaguse.

Nilicheka hadi kahawa ikanipanda puani. Fundi Saa alikuwa anatazama kule juu barabara inakopotelea. Nilikuwa naye bega kwa bega, bega langu la kulia limegusa lake la kushoto, na nikadhani anawaza kona.

Ndipo Spea akavua kofia. Spea akivua kofia, uongo umemwishia.

— Niseme ukweli, alisema. Nililipeleka gari lake kwa fundi umeme wa magari alitazame. Kompyuta ina jicho kwenye shingo ya usukani, linaona mkono umezungusha kiasi gani. Ina jicho jingine katikati ya gari, linahisi gari limegeuka kiasi gani. Imefundishwa kwamba mkono ukiomba kidogo, gari hutoa kidogo. Sasa kwa raki hii mkono unaomba kidogo, gari linatoa kingi. Inashtuka. Inadhani mkia unateleza, inakamata gurudumu moja ili imwokoe.

— Inamwokoa mtu ambaye hajaanguka, Lori akasema.

— Ndiyo hivyo.

— Si waifundishe upya?

— Gari hili halikubali. Yule fundi umeme aliweza kuionyesha usukani ukiwa katikati ni wapi, basi. Hesabu ya raki mpya hakuna mahali pa kuiandikia.

— Si kuna swichi ya kuzima?

— Ukizima, ukiwasha gari tena nayo imeamka. Na kona zile, mvua hii, korongo lile, wewe ungeizima?

Lori, aliyeshuka milima yote na mizigo ya watu, akatikisa kichwa. Akapiga goti lake kwa kiganja.

— Basi kazi imekwisha! Raki ya zamani iko wapi?

— Chini ya meza yangu. Haina hata kutu.

— Irudishe! Kesho hiyohiyo! Kompyuta inapata mkewe wa kwanza, Fundi anapata wake, sote tunakula pilau siku ya kurudi.

— Chombo cha kuzama hakina usukani, Kinyozi akasema kwa furaha, akimpa Spea mkono.

— Hiyo ni methali ya msiba, wewe!

— Usukani si umetajwa?

Tulipeana mikono kama watu waliomaliza vita. Mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti. Fundi Saa peke yake alikuwa akitazama gari lake. Alikuwa ameweka kikombe chini, mkono wake wa kushoto umelala juu ya paja.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja asiye wa mtaa wetu, mkoba begani, saa ya mkononi imefungwa kwenye leso.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimeambiwa hapa kuna fundi wa saa. Hii ilikuwa ya marehemu baba. Imesimama.

— Nimeacha kazi, mama, Fundi Saa akasema. Lakini lete nione.

Aliipokea kwa mkono wa kulia. Akaigeuza kwa vidole vya mkono huohuo, akaibana kati ya magoti, akainama kuitegea sikio. Ule mkono wa shati ukaning'inia tena. Yule mwanamke akautazama. Akatazama mkono wa kushoto pale pajani, ambao haukusogea kusaidia. Kisha akatugeukia sisi, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza njia.

— Samahani. Huyu baba huwa anafungwa kifungo na nani?

Mama Birika aliinamisha birika ili atumiminie, likatoa matone mawili na mashapo.

Kifungo cha mkono wa kulia hufungwa kwa mkono wa kushoto. Jambo hilo halitaki elimu. Mimi mshona zipu, ninayefungua na kufunga nguo za watu mchana kutwa, nimekaa kushotoni kwa mtu huyu msimu mzima, bega langu kwa bega lake, na mkono uliokufa ulikuwa upande wangu.

— Alikuwa ananifunga mama watoto, Fundi Saa akasema, macho kwenye saa. Zamani nilimwachia kwa mapenzi tu.

— Mkono umekuwaje, Fundi? Lori akauliza, sauti imeshuka.

— Niliamka asubuhi moja nikaukuta umelala, ukakataa kuamka. Hospitali wakanipa vidonge. Wakaniambia, mzee, usikae peke yako. Nikawaambia sikai peke yangu, nina watu wa benchi.

Hakusema kwa kutulaumu. Heri angetulaumu.

— Raki ya zamani, Spea akasema polepole, kama anayehesabu mzigo, ile ya zamani inataka mikono miwili.

— Ndiyo. Ukizungusha kwa mmoja, kwenye kona kali unaachwa njiani. Hii mpya naiweza. Ila yenyewe hainiwezi.

— Kwa nini hukusema?

— Niseme wapi? Hapa? Akatabasamu kidogo. Mmekuwa na utani mzuri.

Kinyozi alikuwa ameuziba mdomo kwa kitambaa chake cha begani.

— Nitakuendesha mimi, Lori akasema. Jumamosi. Tunairudisha ya zamani, naendesha mimi. Mgongo ukinikatalia nitauambia uende kwao.

Fundi Saa akamrudishia mwanamke saa yake ndani ya leso. Akamwambia ni vumbi tu limeingia, amtafute fundi mwenye mikono miwili, atamaliza mara moja. Mwanamke akashukuru, akaondoka nyuma nyuma.

— Mwenzangu hajui habari ya mkono, Fundi Saa akasema. Kwenye simu namwambia mzima, sijambo, nanyoosha shati mwenyewe. Siku zote tukienda popote naendesha mimi. Atakuwa amewekwa dirishani, anautazama mlango wa dereva. Nikishuka mlango wa pili, Lori, nitamwambia nini?

Lori akamtazama Spea, Spea akanitazama mimi. Walitaka neno la dini. Ninayo mengi, na yote niliyapitia kichwani pale, nikaona nikilitoa hata moja nitakuwa nimemfanyia utani wa pili.

Nikaushika ule mkono wa shati. Ulikuwa na kahawa imekauka pembeni. Kifungo kilikuwa imara, tundu lake limebana, nami vidole vyangu vimezoea zipu, nilihangaika. Yeye alinyoosha mkono, akangoja, akitazama kando kama mtoto anayevishwa. Nilipomaliza akasema, “Yeye huwa hachukui muda hivyo.” Kisha akainuka, akituaga kwanza ili benchi lisituangushe, akaliacha gari palepale, akaenda kwake kwa miguu. Ufunguo ulikuwa umebaki juu ya ubao, kati ya nafasi yake na Lori.

Hakuna aliyemfuata. Mimi pia sikumfuata. Nilijiambia nimwachie apumzike, na Mungu anajua kilikuwa kisingizio.

Asubuhi iliyofuata alikuja, akasalimia, akakaa mahali pake. Alikuwa na shati lilelile la jana, limekunjamana mgongoni kama lililolaliwa. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa, kifungo kimekaa upande kidogo, vilevile nilivyokiacha mimi.